Pingili Zilizopita Motoni

Ghala la pingili ni shamba la ndugu.

Methali hii ni ya watu wa mto Itamuru, waishio ndani kabisa ya msitu wa Amazoni, huko Amerika ya Kusini. Siku moja wasichana watatu walikuwa wakimsaidia Bibi Tawiru kukuna muhogo, jirani akaja kuomba pingili za muhogo za kupanda, na msichana mmoja akamjibu kwa mkato kwamba hazitoshi. Bibi hakumgombeza. Alitamka methali hiyo tu, akaendelea kukuna. Wasichana wakatazamana. Watu wasio na ghala hata moja, wanaohama kila baada ya miaka michache na kuiacha nyumba ikioza nyuma yao, wana habari gani na ghala?

"Bibi, maneno hayo yametoka wapi?"

"Yameletwa na mtu mwenye kijicho," Bibi akasema. "Msidhani methali zote huletwa na watu wema. Watu wema hawana haja nazo. Haya, kuneni huku mnasikiliza, mikono yenu haina masikio."

Basi mambo yalikuwa hivi.

Alikuwapo mwanamke jina lake Yarupa, binti wa kwanza wa mama aliyeitwa Kenawa. Waliishi katika nyumba ndefu, paa moja, majiko manane, na kila jiko na watu wake. Kuzunguka kila jiko zilining'inia machela za kulalia, zilizosukwa kwa kamba za msituni. Mume wa Yarupa, Toreku, alitoka nyumba nyingine akahamia kwa wakwe zake, kama ada inavyotaka. Alimwindia mkwewe, akamvulia samaki, wala hakuthubutu kumtazama usoni. Machela ya Kenawa ilining'inia kando ya moto wa Yarupa, karibu kiasi kwamba binti aliweza kuisukuma kwa mguu huku akigeuza mkate.

Mkate wenyewe ulikuwa wa muhogo, na muhogo wenyewe ulikuwa mchungu. Kula hovyo muhogo ule ni kufa. Sharti ukunwe, ukamuliwe sumu yake katika kifumbu kirefu kama mguu wa mtu, kisha uokwe juu ya kikaango kipana cha udongo. Kila mwanamke alikuwa na aina zake za muhogo alizorithi. Aina ya Kenawa ilisifiwa kuliko zote: shina la zambarau, mizizi myeupe pe, na mkate usiovunjika hata ukikunjwa mara nne. Watu waliiita Mweupe wa Kenawa. Mgongo wa mama ulipochoka, shamba akamwachia Yarupa, na Mweupe akabaki katika shamba hilo peke yake.

Kenawa alikuwa na binti wa pili, Amowi. Huyu aliolewa na Pamatu, mtu wa juu ya mto. Pamatu naye alipaswa kuhamia kwa wakwe, lakini mama yake aliugua, wakaenda kumuuguza kwa msimu mmoja wa mvua. Mnajua misimu ya ndugu ilivyo. Msimu ule ulichukua miaka tisa. Mzee wa nyumba ile alipofariki, watu wake waliichoma nyumba kama desturi, wakatawanyika, na Amowi akarudi kwao na mume, watoto wawili, na mimba ya miezi sita.

Kenawa aliyekuwa akitembea kwa kujikongoja alishuka mtoni mbio. Alimshika binti yake mabega, akalia, akamwimbia wimbo wa kumpokea mtu aliyedhaniwa amepotea. Yarupa alisimama nyuma akiwa na mtungi wa maji kichwani. Maji yale alikuwa akimtekea mama kila siku kwa miaka tisa, na kwa miaka tisa hakuimbiwa hata kibwagizo. Atamwimbia nani, naye hakuondoka?

"Asiyekuwepo na lake halipo," alimwambia mumewe jioni.

Toreku akacheka. "Ni mdogo wako huyo, mke wangu. Mwache mama afurahi."

Siku ya tatu Kenawa alifungua kamba za machela yake, akaenda kuifunga kando ya moto wa Amowi.

"Mimba imekuwa nzito," alisema. "Mdogo wako atahitaji mtu wa kumchochelea moto."

"Sawa, mama," Yarupa akajibu.

Kutoka moto hadi moto zilikuwa hatua saba. Watu wa nyumba ile walikuwa wamehama mara nyingi, wamevuka maporomoko, wametembea miezi mizima wakiwa na watoto mgongoni, na hakuna safari iliyomuuma Yarupa kama zile hatua saba. Alisukuma mguu wake kwa mazoea ili abembeze machela, ukakutana na hewa.

Tangu siku hiyo akawa mhasibu wa mapenzi ya watu. Alihesabu mara ambazo mama alicheka upande ule. Toreku alipovua samaki, kichwa kilikwenda kwa mkwewe kwa heshima, na Yarupa akaona mama akikivunja na kuwagawia watoto wa Amowi. Hakusahau kwamba wanawe pia walikuwa wakipewa vichwa hivyo hivyo zamani. La, alikumbuka vizuri sana, na ndiyo sababu roho ilimuuma zaidi. Kijicho hakimsumbui aliyenyimwa tu. Humsumbua hata aliyepewa akashiba, akaona sasa anapewa mwingine.

Pamatu alifyeka shamba, akachoma magogo, na mawingu ya mvua za kwanza yakaanza kujikusanya. Ikafika zamu ya Amowi kupanda. Hapa lazima mjue ada ya watu wale. Shamba jipya la mwanamke hufunguliwa na muhogo wa mama yake, unaopandwa katikati. Ukichipua, wanawake wengine wa nyumba huleta pingili za aina zao, na shamba linajaa. Usipochipua, hakuna aletaye kitu, maana muhogo wa mama ukimkataa mtu, nani athubutu kumpa wake?

"Mpe mwenzio mzigo wa Mweupe wetu," Kenawa alimwambia Yarupa mbele ya watu wote.

Kukataa haikuwezekana. Mwanamke aliyeombwa pingili akasema hana, huambiwa hana ndugu. Yarupa akasema atazikata kesho.

Kesho yake alikwenda shambani jua likiwa utosini, peke yake. Alikata mashina ya zambarau yaliyokomaa, akayagawa pingili pingili, kila moja na macho yake, kwa kuwa muhogo huchipua kupitia macho hayo. Kisha akawasha moto mdogo wa magugu. Alichukua pingili moja moja, akaipitisha juu ya makaa akiigeuza polepole, kama mtu anayebabua manyoya ya kuku. Kubabua huko kulitaka ustadi. Moto ukizidi, ganda linaungua na kila mtu ataona. Ukipungua, macho hayafi. Yarupa aliujua muhogo kuliko mwanamke yeyote wa nyumba ile, na siku hiyo ujuzi wote alioupata kwa mama yake aliutumia kuua muhogo wa mama yake. Alipofikia za mwisho, matone ya mvua yakaanza kuanguka juu ya makaa. Akaharakisha, akazipaka udongo mbichi, akafunga mzigo.

Alimkabidhi Amowi mzigo ule mbele ya majiko yote. Wanawake wakapiga vigelegele. Amowi akamshika dada yake mkono.

Wiki ya pili ikapita, na ya tatu. Kila shamba lilikuwa na vichwa vya kijani vilivyotokeza, ila la Amowi. Kila asubuhi alikwenda na tumbo lake kubwa, akachuchumaa, akachokonoa udongo kwa kidole, akarudi. Minong'ono ikaanza. Amekaa mno ugenini. Amekula vya watu wengine miaka tisa, mwili wake si wa kwetu tena. Muhogo wa mama umemkataa. Wanawake walikuwa na mizigo yao tayari, wamezitenga pingili za kumpa, wakaishia kuzipanda wenyewe.

Yarupa aliyasikia yote hayo. Je, alifurahi? Alifurahi sana, lakini furaha ile ilikuwa kama nyama ya wizi, huwezi kuila mbele za watu. Na kitu kimoja kilimkera: mama hakurudi. Mtoto alizaliwa, wa kike, mama akamkanda, akamwimbia, na ile machela ikabaki pale pale, hatua saba.

Mwishowe wakubwa wa nyumba walimwita Pamatu wakamwambia kwa upole. Mke asiye na shamba hana jiko, na asiye na jiko atakaa hapa kama nani? Afadhali ampeleke kwa ndugu zake wa juu ya mto, huko ambako muhogo umezoea mikono yake. Pamatu hakubishana. Akatayarisha mtumbwi.

Siku ya safari Yarupa alisaidia kubeba mizigo kwa bidii hata watu wakamsifu. Kabla ya hapo alikuwa ameshafagia kando ya moto wake. Aliondoa vyungu, akahamisha machela ya mwanawe mmoja, akakagua nguzo mbili zile kama bado zina alama za kamba za mama. Alikuwa amepanga hata la kumwambia. Angesema, "Karibu, mama," basi, bila kumkumbusha lolote.

Akamwona Kenawa anafungua kamba za machela. Mama akaikunja machela, akaitia katika kikapu chake cha mgongoni, akatembea hatua moja, mbili, tatu, akaja hadi pale palipofagiliwa, akapapita. Akashuka mtoni. Akaingia mtumbwini, akaketi nyuma ya Amowi.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Mtoto ni mchanga," Kenawa akajibu, na hakumtazama.

Mtumbwi ukaondoka. Yarupa alibaki ukingoni, na katika watu wote waliosimama pale, yeye peke yake alijua kwamba mama yake amefukuzwa na nani.

Miaka minne ikapita. Mnadhani alijuta? Alijuta, ila majuto ya mwenye wivu hukaa chumba kimoja na wivu wenyewe. Kila alipojuta kidogo, aliwaza mama yuko kando ya moto wa nani, akakasirika upya. Akawa hampi mtu yeyote Mweupe. Ndugu wa mumewe walipopita wakaomba, aliwaambia mashina bado machanga. Binamu zake walipohamia nyumba za chini ya mto wakaomba, aliwaambia panya wamekula. Mwaka wa tatu hakuna aliyemwomba tena. Shamba lake likawa zuri kupita yote, na mkate wake ukawa mweupe kupita yote, na waliokuwa wakiula ni yeye, Toreku na binti zao wawili.

Mwaka wa tano mto ulifurika. Mto Itamuru hupanda kila mwaka, lakini mwaka ule ulipanda ukasahau kushuka. Maji yalikaa juu ya mashamba siku ishirini. Yalipoondoka, harufu ya uozo ilifika hadi nyumbani. Mizizi ilikuwa uji, na mashina yalibonyea ukiyashika kama ndizi zilizopikwa. Mashamba yote manane.

Hakuna aliyeangua kilio. Wanawake walikaa pamoja asubuhi moja, na kila mmoja akasema zake ziko wapi.

"Mimi zangu ziko kwa binamu yangu, chini ya maporomoko."

"Mimi niliwapa wake za kaka yangu, aina tatu."

"Zangu zilikwenda na binti yangu alipohama."

Ndivyo walivyoishi watu wale. Pingili huwezi kuiweka ndani ukangoja mwakani. Mwezi haupiti imekuwa kuni. Kwa hiyo kila mwanamke, katika miaka yake ya kuhamahama, aligawa huku na huku, na siku ya msiba alipiga kasia kuelekea alikogawa. Kwa siku tatu mitumbwi iliondoka, mmoja juu, mmoja chini, hadi majiko saba yakapoa.

"Haya, na sisi?" Toreku akauliza. "Zetu ziko wapi?"

Yarupa alikuwa akiwamenyea binti zake moyo wa mchikichi. Ilikuwa siku ya sita wanakula hivyo, na yule mdogo alikuwa ameanza kulala mchana.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna vipi? Twende kwa Amowi. Ulimpa mzigo mzima, huenda ziko zilizochipua baadaye."

"Si zilimfia?"

"Basi kwa mwingine uliyempa."

"Sikumpa mwingine."

Toreku akainuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache nayo akaona hayafai. Akaenda kufungua mtumbwi. "Zimfie zisimfie," alisema akiwa amempa mgongo, "mama yako yuko kule. Mwenye mama hakosi pa kwenda."

Yarupa angewezaje kubisha? Angesema nini bila kusema lile? Akawapakia watoto.

Walipiga kasia siku tano dhidi ya mkondo. Njiani alitunga maneno ya kumwambia Amowi, akayatupa, akatunga mengine. Alijua anakokwenda hakuna Mweupe, kwa kuwa alimuua kwa mikono yake, pingili kwa pingili. Kwa hiyo aina ya mama yake ilikuwa imekwisha duniani. Labda Amowi angempa aina ya wakwe zake, kama hajui. Na kama anajua, angewafukuza kutoka ukingoni, na haki ingekuwa yake, na watoto wangerudi kula moyo wa mchikichi.

Walipofika walikaa mtumbwini kama adabu inavyotaka, wangoje kuitwa. Amowi alishuka mwenyewe, amenenepa kidogo, ana mvi mbili tatu. Alikuwa amebeba ungo.

"Dada," alisema. "Shuka. Shemeji, karibuni. Watoto wana njaa hawa."

Juu ya ungo kulikuwa na mkate. Binti mdogo wa Yarupa alichukua kipande, akakikunja mara nne, kisha akakitia mdomoni chote. Hakikuvunjika. Yarupa alimega chake, na ulimi wake ukakijua kabla yeye hajataka kukijua.

Toreku akashangilia. "Mweupe! Si huyu Mweupe? Nasi tulidhani zilimfia zote!" Akawageukia ndugu za Pamatu waliokuwa wamekusanyika ukingoni. "Mnaona? Huu ni mkono wa mke wangu. Shemeji alikuja kwetu mikono mitupu, dada yake akampa mzigo mzima. Si kweli, shemeji?"

Watu wote wakamtazama Amowi.

"Kweli, shemeji," Amowi akasema. "Ni yeye aliyenipa."

Mtu mwingine angeshukuru kwa jibu lile. Yarupa alihisi kifua kikimwaka. Kumbe huyu mdogo wake anayo yote: anaye mama, anaye Mweupe, na sasa hata moyo mwema ni wake, mwingine kaachiwa nini? Wivu ni mgonjwa wa ajabu. Hata akiletewa dawa, huionea wivu.

Kenawa alikuwa amelala ndani, macho yake hayaoni mbali tena. Alimshika Yarupa uso kwa viganja vyote viwili, akasema, "Umekonda," basi.

Asubuhi walikwenda shambani watatu, mama akiwa na fimbo. Lilikuwa shamba kubwa juu ya mwinuko, na katikati yake Mweupe alijaa, mashina ya zambarau mazito, marefu kuliko mtu. Amowi akaanza kukata. Alikata bila kupima, yale mashina bora.

"Ziliota ngapi?" Yarupa akauliza.

Amowi hakusimamisha panga. "Tatu."

"Katika ngapi?"

"Arobaini na mbili. Siku ile ya kuondoka nilikwenda kulichokonoa shamba mara ya mwisho, nikakuta tatu zina chipukizi dogo hivi. Tatu katika arobaini na mbili zingemshawishi nani? Nikazing'oa, nikazifunga kwa majani mabichi. Zote hizi unazoziona ni watoto wa zile tatu."

"Tatu za mwisho," Yarupa akasema. "Mvua ilininyeshea."

Akawa amelisema. Panga likasimama. Yarupa akaona heri aendelee, kwa kuwa mficha uchi hazai, naye alikuwa na watoto wa kulisha.

"Nilizibabua, Amowi. Moja moja. Nilitaka zife zote. Nilitaka muhogo ukukatae uondoke, mama arudi kwangu."

Amowi akaliweka panga chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilijilaumu, dada. Miaka mitatu nilidhani ni mwili wangu. Nilipokuwa nikipanda nilikuwa naomba radhi kwa ardhi, sijui kosa langu. Mama aliniambia mwaka jana tu, alipoona nimeanza kumfundisha binti yangu kuomba radhi vile vile."

Yarupa akageuka. "Mama? Ulijua?"

"Nilibeba mzigo ule mikononi siku unautoa," Kenawa akasema. "Nimepanda muhogo maisha yangu yote. Udongo hauna harufu ya moshi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme mbele ya nani? Nyumba nzima ilikuwa ikinong'ona. Ningefungua mdomo, mwenye kufukuzwa angekuwa wewe, na nani angekupokea, mtu aliyechoma muhogo wa mama yake?" Mama akatafuta gogo kwa fimbo yake, akaketi. "Nami siwezi kutunza siri, unanijua. Ningekaa pale kando ya moto wako, siku moja ningekasirika nikasema. Nikaona njia ni kwenda mbali nawe, nisikutaje."

"Ulisema mtoto ni mchanga."

"Mtoto alikuwa mchanga. Ila wachanga nimewaacha wengi. Nilihama kwa ajili yako, Yarupa."

Miaka minne yote Yarupa alikuwa amewahesabia wenziwe: hatua saba, vichwa vya samaki, vicheko, siku tano za kasia. Kila alichohesabu alikiandika upande wa Amowi. Sasa aliambiwa kwamba safari kubwa kuliko zote, ile iliyomfanya asilale, ilikuwa yake. Alipendwa kiasi hicho, naye hakujua, alikuwa anafagia. Alianguka miguuni pa mama yake akalia kwa sauti, na watu waliokuwa mbali wakadhani ni msiba.

"Nilitaka zife," alirudia. "Mama, nilitaka zife zote."

"Na zingekufa zote, leo ungekata nini? Shamba lako ulilinda wewe, maji yakala. Hizi tatu hukuzilinda, tena ulizitaka maiti, ndizo zitakazolisha watoto wako. Pingili haikai ndani, mwanangu. Wala haikai kwa mwenye kuipenda peke yake. Ghala la pingili ni shamba la ndugu."

Amowi akaliokota panga, akaendelea kukata.

Hapo wasichana wa Bibi Tawiru walikuwa wameacha kukuna. Mmoja akauliza kama Kenawa alirudi na Yarupa.

Hakurudi. Mgongo haukumruhusu, na alifia kule, kando ya moto wa Amowi. Yarupa alirudi na mizigo minne. Mitumbwi ya wenziwe nayo ilipoanza kurudi, alimwendea kila mwanamke na mzigo mkononi kabla hajachimba shimo hata moja la kwake. Wengine walisita kupokea, maana walimjua. Nao wasichana wanaoringa na mbegu walipotokea, miaka iliyofuata, aliwaita akawasimulia kisa hiki bila kuficha hata moto.

"Bibi," akauliza yule aliyemnyima jirani, "kama mama alikwenda mbali ili asimtaje, na Amowi mbele za watu alimsitiri, si wangeweza kuizika habari hii? Nani aliitoa?"

"Yarupa mwenyewe. Angenyamaza, leo mngemsifu kuwa mwanamke mwema aliyempa mdogo wake mzigo mzima. Akaona afadhali ninyi mmcheke, msifanye kama yeye."

Msichana alifuta mikono yake kwenye majani. Jirani alikuwa amekaa kivulini kupumzika, angali akisikika akikohoa njiani. Msichana akachukua panga, akaenda shambani, akamwita kwa jina.

Ghala la pingili ni shamba la ndugu.